TABIBU MTAFITI, MAFUNZO YA (KIBAHA)

Tabibu mtafiti ni mtu aliyesomea tiba hadi kupata shahada ya udaktari, kisha akasomea na ilimu ya kuchunguza maradhi hadi kupata uzamivu, ili swali alilokutana nalo kitandani kwa mgonjwa alipeleke mwenyewe maabara au kijijini, na jawabu alirudishe pale pale swali lilipozaliwa. Nchini Marekani taasisi za afya za serikali zilianza mwaka 1964 kugharimia masomo yanayosokota shahada hizo mbili kuwa kamba moja, na Cambridge, Uingereza, wakaanza yao mwaka 1989. Nairobi kuna umbo dogo la mtindo huo: mwanafunzi wa udaktari huweza kuweka tiba kando kwa mwaka mmoja akachukua shahada ya sayansi, mathalani ya anatomia, kisha akarejea kwa wenzake.

Tanzania desturi imekuwa nyingine, kwani aghalabu shahada hazikusokotwa bali zilipandishwa moja juu ya nyingine. Katika skuli ya udaktari iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, ambayo baada ya mageuzi mengi ikawa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili mwaka 2007, mwanafunzi husoma miaka mitano, hutumikia mwaka mmoja wa utarajali, husoma uzamili kwa miaka mitatu au zaidi, ndipo abishe hodi kwenye uzamivu. Hata aliyeanza na umri wa miaka 20 na asipumzike siku moja, hamalizi kabla ya 32, naye kwa umri huo aghalabu ana watoto, na jamaa wanaomtazamia. Ndiyo sababu mpango ulioanzishwa baina ya Muhimbili na vyuo vya Uswidi katika miaka ya 1980 ulifaa kuliko kumhamisha mtu moja kwa moja: daktari alikwenda ughaibuni kwa miezi, akarudi kukusanya habari za wagonjwa wa kwao, akaenda tena kuandika. Japhet Killewo aliupata uzamivu wake Umeå mwaka 1994 kwa kuchunguza virusi vya Ukimwi mkoani Kagera, na Gideon Kwesigabo akamfuata huko huko mwaka 2001 kwa maradhi hayo hayo na mkoa huo huo.

Kibaha, yapata kilomita 40 kutoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro, ilikuwa na undugu na watu wa kaskazini ya Ulaya hata kabla ya hapo, kwa kuwa kituo cha elimu kilichopo leo kilianzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa Denmark, Finland, Norway na Uswidi, kikakabidhiwa kwa serikali mwaka 1970, kikiwa na skuli ya sekondari na huduma za tiba za Tumbi katika ardhi moja. Lakini somo lenyewe la utafiti lilifika kwa njia ya vijijini. Mwaka 2006 watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Taasisi ya Karolinska ya Stockholm waliwafundisha wahudumu wa afya 22 wa vijiji vitano vya wilaya ya Kibaha kupima malaria kwa kipimo cha haraka: kidole huchomwa, tone la damu huwekwa kwenye kipimo, dawa ya maji hudondoshwa, kisha husubiriwa dakika 15 mstari ujitokeze au usijitokeze. Wiki moja walipima, wiki nyingine wakatibu kwa kuangalia homa tu, na zamu hizo zikapangwa kwa bahati nasibu. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2011 na Marycelina Mubi na wenzake, yalikuwa dhahiri: katika wagonjwa 2930, dawa mseto walipewa asilimia 96.5 ya waliotibiwa bila kupimwa, na asilimia 53.2 tu ya wale wa wiki za kipimo.

Tofauti hiyo ndiyo inayomtenga tabibu na tabibu mtafiti. Tabibu amefunzwa kwamba kumnyima dawa mtoto mwenye homa ni hatari, na kwa hakika mara nyingi ndivyo. Mtafiti hana budi kuivumilia shaka, amfuatilie mtoto yule aliyeondoka bila dawa, na aseme kwa hesabu, wala si kwa huruma, kama alidhurika. Kadhalika tone lile lile likipakwa kwenye kioo na kutiwa rangi, daktari wa zamu huridhika kuambiwa vimelea vipo au havipo, ilhali mtafiti huketi kwenye hadubini akavihesabu sambamba na chembe nyeupe 200, macho yakimwasha. Kuzikusanya tabia hizo mbili katika mtu mmoja ni kazi ngumu kuliko kuzikusanya shahada mbili katika cheti kimoja, na nadhani hapo ndipo waandishi wengi wa mitaala wanapoteleza.

Baina ya Kibaha na jiji, huko Mloganzila, chuo cha Muhimbili kilijengewa hospitali ya kufundishia kwa mkopo wa Korea Kusini, ikafunguliwa Novemba 2017 ikiwa chini ya chuo chenyewe. Mwaka 2018 uendeshaji wake ukahamishiwa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili.