Kiti cha pili ni cha nani?

Kuna gari moja ambalo huwezi kulinunua bila kwanza kupiga hesabu ya watu. Ni lile fupi, lililolala chini, lenye milango miwili na viti viwili. Vijana wa mjini wanaliita spoti. Wewe kiti kimoja, mwenzako kiti kimoja, kwisha habari. Watoto hawana pa kukaa, mama mkwe hana pa kukaa, na lile gunia la maharage ulilopewa kijijini ndiyo usiliulize kabisa.

Napenda kusoma maoni ya watu wanaoishi na magari haya huko Ulaya, Marekani na Japani. Tatizo langu ni kwamba kila nikisoma najikuta nawajibu kama mtu wa Heru Juu. Kwa wasiopajua, Heru Juu iko Kasulu, kwenye nyanda za juu za Kigoma, nchi ya Waha, ambako zamani Mwami wa Heru alikuwa na makao yake. Ni nchi ya vilima, migomba na udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha unateleza kama sabuni. Mtu wa huko akiona gari, swali lake la kwanza si linakimbia kiasi gani. Anauliza linabeba wangapi.

Sasa wenyewe wanasemaje? Chukua Mazda MX-5, iliyotoka mwaka 1989 na ambayo Japani waliiuza kwa jina la Eunos Roadster. Kati ya spoti za viti viwili zenye paa la kufunguka, hii ndiyo iliyouzwa kuliko zote duniani. Aprili 2016 ilitimiza magari milioni moja. Wenye nayo wanaisifu kwamba ni nyepesi, inakata kona vizuri, na inakufanya utafute sababu ya kutoka nyumbani. Halafu wanakuja kwenye upande wa pili. Buti ni dogo. Paa la turubai linachakaa. Iko chini mno, tuta la barabarani linakuwa adui. Na ukiwa na familia, ni gari la pili, maana la kwanza lazima liwepo nyumbani likisubiri kazi za kweli.

Hapo ndipo mtu wa Heru Juu anaposimama na kucheka. Gari la pili!

Lakini tusicheke haraka, ndugu msomaji, kwa sababu moja ya spoti mashuhuri za viti viwili ilijengewa jina hapa hapa Afrika Mashariki, kwenye matope yetu. Nazungumzia Datsun 240Z.

Nissan walianza kuiuza mwishoni mwa mwaka 1969. Injini ilikuwa ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 2.4, nguvu za farasi kama 150. Soko walilolilenga lilikuwa Marekani, na huko waliiuza kwa takriban dola 3,500, bei iliyowatia tumbo joto watengenezaji wa spoti za Kiingereza. Walioinunua waliisifia injini kwamba haichoki. Malalamiko yao nayo yanajulikana: bodi inaliwa na kutu, na moshi wa ekzosi unapenya ndani kupitia mlango wa nyuma. Lalamiko jingine lilikuwa la viti. Watu walioa, wakazaa, wakabaki na gari lisilo na pa kuweka mtoto. Mwaka 1974 Nissan walipoleta 260Z, waliongeza toleo refu lenye viti vidogo viwili nyuma. Kumbe hata Mmarekani hesabu ya watu ilimshinda!

Huku kwetu hesabu ilikuwa tofauti, na inabidi turudi nyuma kidogo. Mwaka 1953 Malkia Elizabeth wa Pili alipotawazwa Uingereza, walowezi wa Kenya waliamua kusherehekea kwa mashindano ya magari kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yakaitwa Coronation Safari. Jambo la kuvutia ni kwamba magari hayakupangwa madaraja kwa ukubwa wa injini, yalipangwa kwa bei ya dukani. Swali lilikuwa la mnunuzi wa kawaida: kwa hela yangu, gari gani litavumilia barabara zetu?

Jibu kwa miaka mingi lilikuwa gari la familia. Mwaka 1954 alishinda Vic Preston na mwenzake D.P. Marwaha kwa Volkswagen ya mgongo wa kobe. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo. Mwaka 1963 mvua iliharibu mambo mpaka magari saba tu ndiyo yaliyomaliza. Mwaka 1968 ikawa hivyo hivyo, saba tu. Mara zote mbili aliyetangulia alikuwa Nick Nowicki na mwelekezi wake Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Hilo lilikuwa gari la kubeba mke na watoto, na wengi wetu tumewasikia wazee wakilitaja kwa heshima kama wanayempa marehemu.

Kwa hiyo Nissan walipoleta spoti ya viti viwili mwaka 1971, ilikuwa kama mtu kuja shambani na viatu vya harusi. Lakini Edgar Herrmann na Hans Schüller, walioshinda mwaka uliotangulia kwa Datsun 1600 SSS, wakashinda tena kwa 240Z. Nyuma yao, nafasi ya pili, ikaja 240Z nyingine ya Shekhar Mehta na Mike Doughty. Gari lililoshinda Nissan wanalitunza hadi leo kwenye hazina yao ya magari ya kihistoria kule Zama, Japani.

Tazama sasa kile kiti cha pili kilivyobadilika. Kwenye matangazo ya biashara kilikuwa cha mchumba. Kwenye Safari kilikuwa cha mwelekezi, mtu wa kushika ramani na saa, kuhesabu daraja na kona, na kushuka kusukuma gari likizama. Bila yeye dereva hodari anaishia mtoni. Ile nafasi ya nyuma ambayo mwenye gari wa California aliiona ndogo, huku iliwekwa tairi za akiba. Ndani ya gari la namna hiyo hapakuwa na starehe. Palikuwa na mkataba wa kazi kati ya watu wawili.

Halafu ukaja mwaka 1972.

Shekhar Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945, katika familia ya Kihindi iliyokuwa na mashamba makubwa. Agosti 1972 Idi Amin akatangaza kwamba Waasia waondoke, akawapa siku 90. Makumi ya maelfu wakaondoka, wakiacha nyumba, maduka na viwanda. Mehta na familia yake wakahamia Kenya. Pasaka ya mwaka 1973 akaingia kwenye Safari na mwelekezi Lofty Drews, ndani ya 240Z. Huo ulikuwa mwaka wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa mbio za magari, na Safari ilikuwamo. Walipofika mwisho, Mehta na Msweden Harry Källström, naye akiendesha Datsun, walikuwa na pointi sawasawa. Ikabidi waamuliwe kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Mehta akapewa ushindi.

Mtu aliyefukuzwa nchi yake miezi michache kabla, anashinda mbio za Afrika Mashariki kwa gari ambalo lisingeweza kuhamisha familia yake. Mimi nikilifikiria hilo, nasahau habari za nguvu za farasi.

Maana mwaka huo huo wa 1972 nyanda zetu nazo zilikuwa zinahama. Operesheni Kigoma ilianza, moja ya operesheni za mwanzo za kuwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, kabla amri haijaenea nchi nzima. Familia ziliacha migomba yao vilimani na kupelekwa kwenye vijiji vilivyopangwa kando ya barabara. Wengi walipandishwa malori, na chochote walichoweza kubeba. Wakati huo huo mauaji ya Burundi yaliwaleta Wakigoma wageni wengi, na wengi wao walivuka kwa miguu. Kwa watu wengi wa Buha wa mwaka ule, gari halikuwa kitu unachomiliki. Lilikuwa kitu kinachokuja kukuchukua.

Chombo ambacho Mha alikimiliki kweli kilikuwa baiskeli. Tangu enzi ya mkoloni vijana wa Buha walikwenda kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga. Mkandarasi wa watu alikuwa SILABU, ofisi ya wenye mashamba iliyoanzishwa mwaka 1944. Aliyerudi salama alirudi na nguo, blanketi, na akibahatika, baiskeli. Baadaye Tanzania ikatengeneza yake, Swala, iliyounganishwa Dar es Salaam. Ukiitazama vizuri, baiskeli nayo ni chombo cha viti viwili: tandiko mbele, keria nyuma. Uliza maoni ya mwenye nayo. Mlimani unaisukuma, mteremkoni inakubeba, breki ndiyo roho yako. Na ile keria haikuwahi kuwa ya mtu mmoja. Asubuhi imebeba mkungu wa ndizi kwenda sokoni, jioni imembeba mama mjamzito kwenda hospitali ya Kabanga.

Gari la viti viwili nalo tulilijua, ila lilikuwa pikapu. Mbele dereva na bosi wake, nyuma kijiji kizima kimeshikilia bomba. Kuanzia mwaka 1996, kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, zikaja Land Cruiser nyeupe za mashirika. Watoto wa Kasulu walizijua kwa mlio kabla hazijatokeza kwenye kona. Zile zilikuwa na viti vingi, na mara nyingi zilipita vikiwa vitupu, maana masharti ya kazi hayakuruhusu lifti. Siku hizi ni bodaboda. Kisheria ni watu wawili tu, dereva na abiria. Lakini neno mishikaki kila mtu analijua, na halijatungwa na wauza nyama.

Taifa zima lilikuwa na wasiwasi na gari la mtu binafsi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Benzi ilitosha kukupa jina la Mbenzi, na halikuwa jina zuri. Kipindi cha uhaba wa mafuta magari binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Katika hali hiyo, spoti ya viti viwili ingekuwa tangazo la hadhara kwamba huna mpango wa kumpa ndugu lifti. Safari yenyewe, kuanzia mwaka 1974, ikabaki kuwa ya Kenya peke yake. Mehta alishinda tena miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Na gari lake? Datsun Violet, la milango minne kwa asili yake, gari la familia. Spoti nyingine za viti viwili zilikuja kujaribu bahati. Lancia Stratos ya Sandro Munari ilishika nafasi ya pili mwaka 1975. Kushinda ikashindwa.

Leo mambo yamebadilika. Magari ya mtumba ya Japani usukani wake uko kulia kama wetu, kwa hiyo kijana wa Dar mwenye mshahara wa maana anaweza kuagiza MX-5 akavumilia ushuru na bili ya fundi. Barabara ya Kasulu na Kibondo, iliyokuwa ya vumbi miaka nenda rudi, imeanza kupata lami. Iko siku moja ya hizo spoti itapanda vilima vya Buha ikiwa na namba za Dar, na watoto wataikimbilia.

Sina ugomvi na mwenye nayo. Mtu ana haki ya kufurahia jasho lake, na baada ya hadithi zote za malori na misafara ya wakimbizi, huenda raha ya kuendesha gari bila kubeba mzigo wa mtu ni uhuru ambao babu zetu hawakuwahi kuuonja. Ninachosema ni kwamba wale wanaoandika maoni yao kuhusu buti dogo na paa linalovuja hawagusi jambo zito kuliko yote kwa mtu wa kwetu. Barabara ya kijijini ina watu. Wanatembea na mizigo kichwani, wanakujua kwa jina la baba yako, na wakisikia mlio wanageuka. Ukiwa na Noah ukawapita, umewanyima. Ukiwa na spoti yenye abiria mmoja, umejaa kihalali, wala hakuna wa kukulaumu. Lakini ukiwa peke yako ndani yake kuna kiti kimoja kitupu, na njiani kuna watu kumi. Hapo utalazimika kuchagua mmoja, mbele ya macho ya wale tisa.

Wadau wenye magari haya mtuambie, huwa mnamchagua nani?