Mlinzi wa Baridi kwenye Pwani ya Bagamoyo

Kabla friza haijajulikana Bagamoyo, joto la samaki lilikuwa na mlinzi. Nguru na papa walipasuliwa, wakatiwa chumvi na kuanikwa mpaka wakawa ng'onda; vibua na changu walikaangwa siku ileile walipotoka baharini. Mwanikaji alijua kwa kugusa lini upande mmoja umekauka na lini wa kugeuza. Aliyesimama kwenye karai alisikia mlio wa mafuta akajua moto umezidi. Huo ulikuwa udhibiti wa joto uliokamilika, wenye ujuzi unaorithishwa, na ulikuwa na kasoro moja tu: haukuweza kuendelea mtu akiondoka. Historia za umeme nchini huanza na mitambo na nguzo, na kwa hiyo huupita ujuzi huu kama vile haukuwapo. Mimi naona tuulize swali jingine. Umeme ulipofika pwani hii, nani alichukua zamu ya yule mlinzi, na kwa nini alikawia hivyo?

Kukawia kwenyewe kunashangaza, maana Bagamoyo ulikuwa mji wa mbele. Misafara ya Ujiji na Tabora iliishia hapa, na mwaka 1890 waya wa telegrafu uliopita chini ya bahari uliunganisha Unguja, Bagamoyo na Dar es Salaam. Lakini mwaka uliofuata Wajerumani walihamisha makao yao kutoka hapa kwenda Dar es Salaam. Ujenzi wa reli ya Tanga ulianza 1893, na ule wa reli ya kati ulianzia Dar es Salaam mwaka 1905. Umeme wa kwanza wa Tanganyika, mwaka 1908, uliwashwa Dar es Salaam kwa ajili ya karakana za reli na mitaa ya wakoloni. Mwaka 1931 biashara ya umeme ilikabidhiwa kampuni mbili: DARESCO ikashika Dar es Salaam na miji ya reli ya kati, TANESCO ikashika upande wa Tanga, ambako maporomoko ya mto Pangani yalianza kuzalisha umeme mwaka 1936. Umeme, basi, ulifuata reli na mashamba ya mkonge ya Tanga. Bagamoyo, Winde na Saadani zikabaki katikati ya vyanzo viwili vya nuru, bila mstari wa kuzigusa.

Huenda mtu akasema hapakuwa na haja. Wavuvi wa ngalawa wangefanyia nini mashine ya barafu? Hoja hii inachukua matokeo na kuyaita sababu. Katika joto la nyuzi 30 samaki huanza kuharibika kwa saa chache, na kila aliyeuza kwa hasara jioni kwa kuogopa asubuhi alikuwa na haja hiyo. Kilichokosekana ni uwezo wa kuitimiza. Barafu ya kutoka Dar es Salaam ilisafiri kilomita zipatazo 70, na kabla ya lami safari hiyo ilimaliza sehemu kubwa ya kile kilichobebwa.

Hata hivyo, baridi bila ulinzi haitoshi. Jodari aliyeachwa juu ya nyuzi 4 hujenga histamini, sumu ambayo kumpika hakuiondoi, na kwa macho anaweza kuonekana mzima kabisa. Hapo ndipo mkono na jicho, vilivyotosha kwa ng'onda, vinashindwa. Soko nalo likaanza kudai ushahidi. Desemba 1997, kipindupindu kilipoenea Afrika Mashariki, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi wa Tanzania na majirani zake, na tangu miaka hiyo msafirishaji anatakiwa aonyeshe nyuzi alizotunza, siyo aape tu kwamba samaki wake ni wazuri.

Themostati yenyewe ilizaliwa na swali hilohilo la zamu. Mwaka 1883 mwalimu Warren Johnson wa Wisconsin, Marekani, alisajili chombo cha umeme kilichopiga kengele kumwita mtunza tanuri, ili mtu asiingie kila darasa kupima joto. Friza zilizoenea nyumbani zilikuja na aina nyingine: mrija mwembamba wenye gesi inayotanuka na kusukuma swichi. Ni kifaa imara, na mafundi wengi wa majokofu bado wanakipenda, lakini namba 1 hadi 7 za kitufe chake si nyuzi za joto, na gesi ikivuja hakuna dalili ya kumwonya mwenye samaki.

Themostati ya kidijitali inafungwa ndani ya boksi la umeme, na hapa ndipo ufundi unapoonekana. Waya wa moto hutoka kwenye sakiti breka, na pamoja na nyutro huilisha themostati. Sensa, ambayo ukinzani wake hupungua joto likipanda, huingizwa kwenye chumba cha baridi, mbali na mlango. Rilei ndogo ya ndani ndiyo inayoruhusu au kukata umeme. Rilei hizi mara nyingi zimeandikwa ampea 10, ilhali kompresa inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida. Fundi akiupitisha mzigo mkubwa moja kwa moja, ncha za rilei huungua na zinaweza kugandana. Kompresa haizimiki tena, na namba kwenye kioo inaendelea kushuka bila kumtii mtu. Kwa hiyo rilei hupewa kazi ya kuamsha koili ya kontakta, yaani swichi kubwa ya sumaku, na kontakta ndiyo inayobeba kompresa. Kisha zinapangwa tarakimu: nyuzi -18 za kuzima kwa samaki wa kugandisha, tofauti ya nyuzi mbili au tatu kabla ya kuwasha tena, na dakika kama tatu za kusubiri.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la umeme unaokatika. Nani anahitaji namba wakati wa mgao, kama ule wa 2006 na 2011? Nakubali kwamba themostati haitengenezi baridi gizani. Ila zile dakika za kusubiri zina maana kubwa hasa umeme unaporudi, kwa sababu zinaipa gesi nafasi ya kusawazisha msukumo kabla kompresa haijaanza. Bila hizo, kompresa inaweza kuungua kwa kulazimishwa kuanza na mzigo. Na mwenye friza anaona saa ileile joto limefika wapi, akaamua auze, akaange au atie chumvi. Ng'onda haijashindwa, wala haifai kuhesabiwa kama mabaki ya zamani. Inabaki njia ya kuokoa samaki pale baridi inapokosekana.

Lipo jambo ambalo vitabu vya maelekezo vilivyoandikwa mbali na bahari havilisisitizi. Upepo wa Bagamoyo una chumvi, ileile iliyokausha papa, nayo huingia kwenye boksi na kuota kijani juu ya shaba. Skrubu hulegea, unganisho hupata moto, plastiki hubadilika rangi kabla ya namba kusema lolote. Kwa hiyo kila baada ya miezi kadhaa fundi huzima mein swichi, hufungua kifuniko, hukaza skrubu moja baada ya nyingine, na hunusa kama kuna kilichoungua.