Ganzi ya uti wa mgongo

Ganzi ya uti wa mgongo ni njia ya kuzuia maumivu ambayo dawa, mara nyingi bupivakaini, hudungwa kwenye maji yanayozunguka neva za mgongo. Mwili hufa ganzi kuanzia kifuani au kiunoni kwenda chini, mgonjwa akiwa macho. Hutumika sana kwa kina mama wanaojifungua kwa upasuaji, ambao wengi huiita sindano ya mgongo.

Historia

Agosti 1898, August Bier, daktari mpasuaji wa Kiel, Ujerumani, alianza kuitumia kwa kokaini. Baadaye yeye na msaidizi wake, August Hildebrandt, walijaribiana. Bomba halikushikana vizuri na sindano, na Bier akavujwa na maji mengi ya mgongo. Aliumwa kichwa kwa siku 9, akipata nafuu alipolala tu.

Madhara

*Kushuka kwa shinikizo la damu* ndiko hutokea zaidi, kwa kuwa dawa hulegeza mishipa. Mjamzito huathirika zaidi, maana mji wa mimba hukandamiza mshipa mkuu unaorudisha damu moyoni. Ndiyo sababu huinamishwa upande wa kushoto. Tiba ni maji ya mshipa pamoja na efedrini au fenilefrini.

*Ganzi kupanda juu mno* hulegeza mikono, hufifisha sauti na huweza kusimamisha pumzi. Mgonjwa husaidiwa kupumua mpaka dawa iishe nguvu.

*Kuumwa kichwa* husababishwa na maji kuvuja kwenye tundu la sindano. Maumivu huzidi mtu akiketi au kusimama. Sindano nyembamba yenye ncha ya penseli hupunguza hatari hiyo. Yakikataa kupoa, damu ya mgonjwa mwenyewe hudungwa karibu na tundu ili kuliziba.

*Maambukizi na damu kuvilia mgongoni* ni nadra. Hata hivyo, njia hii huepukwa kwa mtu ambaye damu yake haigandi vizuri au mwenye uambukizo pale panapochomwa.

*Kukosea dawa* huweza kuua. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilionya kuhusu asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia kutokwa damu, iliyodungwa mgongoni kimakosa kwa kuwa chupa zake hufanana na za ganzi. Huleta degedege kali. Chupa hizo hutakiwa kuwekwa mbali na dawa za ganzi, na lebo isomwe kabla ya kuvuta dawa.

Maumivu ya mgongo

Wengi huamini sindano hii huacha maumivu ya kudumu. Panapochomwa huweza kuuma siku chache, lakini uhusiano na maumivu ya miaka haujathibitishwa; ujauzito wenyewe huelemea mgongo. Kwa mtu mzima, ugwe mgongo huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na sindano hupita chini ya hapo bila kuugusa.