Mtoto Asiyelia: Somo la Vituo vya Romania

Mtoto aliyeasiliwa anapokataa kukumbatiwa, au anapomfuata mgeni dukani kana kwamba ndiye mama yake, watu husema upesi kwamba hana shukrani, au kwamba damu imekataa. Maneno hayo yanaumiza, na historia ya Romania inaonyesha kuwa si ya kweli. Mwaka 1966 serikali ya Nicolae Ceaușescu, ikitaka idadi ya watu iongezeke, ilipiga marufuku utoaji mimba isipokuwa kwa sababu chache. Familia zilizolemewa na umaskini zikawapeleka watoto kwenye vituo vya serikali, na utawala huo ulipoanguka Desemba 1989, watoto zaidi ya 100,000 walikuwa humo, wengi wao wakiwa na wazazi walio hai. Walezi walibadilishana kwa zamu, na chupa ya maziwa iliegemezwa tu karibu na mdomo wa mtoto. Wageni walioingia walishangazwa na ukimya wa vyumba vilivyojaa watoto wachanga. Mtoto huacha kulia akishajua kwamba hakuna atakayekuja.

Maelfu waliasiliwa nje ya nchi. Nchini Uingereza, mtafiti Michael Rutter na wenzake walifuatilia watoto 165 waliotoka Romania. Waliotolewa vituoni kabla ya kutimiza miezi 6 kwa jumla walikua vizuri. Miongoni mwa waliochelewa, wengi walibaki na matatizo, na mojawapo lilikuwa hilo la kuwaendea watu wasiowajua bila woga. Damu ilikuwa ileile ya Kiromania. Kilichotofautiana ni muda waliokaa kituoni. Mtu anaweza kupinga kwamba huenda watoto wenye afya ndio waliochaguliwa mapema. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo maana utafiti uliofuata katika mji mkuu wa Romania, Bucharest, ni muhimu sana. Watoto 136 wa vituoni waligawanywa kwa kura: nusu wapelekwe kwa walezi wa kambo waliofunzwa, nusu waendelee na malezi ya kawaida ya wakati huo. Hapo hakuna aliyechagua. Waliopata familia walijenga mfungamano imara zaidi na walezi wao, hasa waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka 2.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Wazungu, kwamba kwetu mtoto hulelewa na bibi, shangazi na majirani, wala hadhuriki. Lakini Mary Ainsworth, mmoja wa waasisi wa nadharia ya mfungamano kati ya mtoto na mlezi, alianza kuuchunguza vijijini karibu na Kampala mwaka 1954, akiwatembelea akina mama wa Kiganda majumbani mwao. Isitoshe, bibi na shangazi ni watu walewale kesho na keshokutwa. Mtoto anawajua kwa sauti na harufu. Kituoni Romania mikono ilikuwa mingi pia, ila hakuna hata mmoja uliokuwa wake.

Kuchelewa nako si hukumu, kwa kuwa hata katika kundi la Rutter baadhi ya waliochelewa hawakupata matatizo makubwa. Hata hivyo, kwa kuwa muda wa kituoni una uzito, anayekabidhiwa mtoto ana haki ya kuelezwa mapema amekaa kituoni muda gani na amepita mikononi mwa walezi wangapi. Kumficha hayo kwa kuhofia atabadili nia ni kumwacha aupokee ukimya wa mtoto kama chuki.