Nisba ya Ufyonzaji

Wataalamu wa mimea, wakitaka kujua metali nzito kama risasi, zebaki na kadimiamu zimeingia mtini kwa kadiri gani, huchukua kiasi kilichomo katika majani makavu wakakigawanya kwa kiasi kilichomo katika udongo wa shinani. Na jawabu la mgawanyo huo nashauri tuliite nisba ya ufyonzaji. Ningeweza kusema kipimo cha sumu ya mti, lakini kipimo huwa cha kitu kimoja, ilhali nisba haisimami ila baina ya viwili.

Tutazame mibuni ya Minova, juu ya Ziwa Kivu, kando ya barabara itokayo Goma kwenda Bukavu. Kaskazini ziko volkano za Nyamulagira na Nyiragongo, ambazo majivu yake hubeba metali asizozitia mwanadamu. Kusini, kwa njia hiyohiyo, uko mgodi wa Kalimbi huko Nyabibwe, itolewako kasiteriti, yaani jiwe la bati. Basi aliyekuta metali nzito katika jani la mbuni atamlaumu nani, mchimbaji au mlima, asipopima udongo wa chini yake, na tena udongo wa mahali pasipofikiwa na machimbo?

Kazi yenyewe haina siri. Udongo hutwaliwa sehemu kadhaa kuzunguka shina, aghalabu hadi kina cha sentimita 20, ukachanganywa, ukakaushwa na kuchekechwa. Majani huoshwa kwanza, kwani vumbi la barabara likipimwa pamoja nayo, mti utasingiziwa kula usichokula. Vyote viwili huyeyushwa kwa asidi kali, na mashine husoma miligramu kwa kila kilo. Udongo ukiwa na 200 na jani 20, nisba ni 0.1, ikizidi 1, mti huo ni mlimbikizi, na jina hilo tusiupe mwingine.

Walakini nisba ndogo ya jani si hati ya amani. Risasi hupenda kubaki mizizini, hali kadimiamu hupanda upesi, hasa udongo ukiwa na uchachu. Kwa hiyo mwenye kuandika ataje sehemu aliyoipima: nisba ya jani, ya gome, ya mzizi, na kwa Minova, ambako kahawa huuzwa hata ng'ambo, mimi ningetaka kuonyeshwa kwanza nisba ya punje.