Mwaka wa Kanisa Kando ya Ziwa: Tafakari za Masomo ya Misa katika Historia ya Kalemie

Utangulizi

Mwaka wa Kanisa hauanzi mwezi Januari. Huanza Dominika ya kwanza ya Majilio, mwishoni mwa Novemba au mapema Desemba, ukapitia Noeli, Kwaresima, Pasaka na Pentekoste, kisha ukaingia katika majuma mengi ya kipindi cha kawaida. Kila Dominika ina masomo yake, na kila somo huhitaji kufafanuliwa. Makala haya yanachunguza jinsi kazi ya kufafanua masomo hayo kwa Kiswahili ilivyokua miongoni mwa Wakatoliki wa Kalemie na mwambao wake. Mji huo, ulioitwa Albertville wakati wa utawala wa Wabelgiji, ndio makao makuu ya Mkoa wa Tanganyika ulioundwa mwaka 2015 katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hoja ya msingi ni kwamba badiliko kubwa zaidi katika historia hiyo lilihusu nafasi ya mwumini: aliyekuwa msikilizaji na mkariri aligeuka kuwa mfafanuzi, akitumia kalenda ambayo haikutungwa kwa kuzingatia majira ya ziwa lake.

Lugha iliyotangulia Kanisa

Kiswahili kilifika magharibi mwa Ziwa Tanganyika kabla ya wamisionari. Kilifika pamoja na misafara ya biashara iliyovuka kutoka Ujiji, na Mtowa, kaskazini mwa Kalemie ya leo, palikuwa mojawapo ya vituo vya kushukia. Ni hapo Mtowa ambapo Waprotestanti wa London Missionary Society walifungua kituo mwaka 1879, ingawa hakikudumu. Mwaka huohuo Wamisionari wa Afrika, maarufu kwa jina la Mapadri Weupe, walifika Ujiji. Mwaka 1885 walikabidhiwa Mpala, ngome iliyojengwa na Mbelgiji Emile Storms mwaka 1883 kusini mwa Kalemie. Mwaka 1893 walianzisha Baudouinville, yaani Kirungu, katika eneo la Moba.

Mwanzilishi wa shirika hilo, Kardinali Lavigerie, aliagiza kwamba mtu asibatizwe kabla ya kufundishwa kwa miaka minne. Agizo hilo lilimpa katekista uzito mkubwa, kwa kuwa ndiye aliyekaa na watu kijijini. Hata hivyo, njia kuu ya ufundishaji ilikuwa swali na jibu: mwanafunzi alikariri, katekista akasikiliza. Misa yenyewe iliadhimishwa kwa Kilatini, na Injili ikarudiwa kwa lugha ya watu kabla ya mahubiri. Kufafanua Maandiko hadharani ilikuwa kazi ya padri. Kwa sababu hiyo, kupadrishwa kwa Stefano Kaoze huko Baudouinville mwaka 1917, akiwa padri wa kwanza Mkongomani wa zama za kisasa, kuna maana maalumu katika historia hii. Kaoze alikuwa Mtabwa, na mapema, mnamo mwaka 1910, alikuwa ameanza kuchapisha maandishi yake kwa Kifaransa juu ya fikra za Wabantu. Kwa mara ya kwanza mwana wa nchi ile alisimama mimbarini akiwa na mamlaka ya kueleza somo la siku.

Majina ya siku na ya vipindi

Msamiati wa kalenda unaonyesha jinsi Kanisa lilivyokaa ndani ya lugha iliyokwisha kulelewa na Uislamu. Neno Jumapili huhesabu siku kutoka Jumamosi, siku ifuatayo Ijumaa, ambayo ni siku ya mkusanyiko wa Waislamu. Wakatoliki waliingiza Dominika kutoka Kilatini ili siku hiyo ipate jina lake la Kikristo. Katika Kiswahili cha Kongo mashariki husikika pia usemi wa siku ya Mungu, ambao haukopi kwa Waarabu wala kwa Warumi. Kwaresima na Pentekoste ni maneno ya kigeni yaliyovishwa sauti za Kiswahili. Majilio, kwa upande mwingine, limeundwa kutokana na kitenzi cha Kiswahili chenyewe, -jilia, likibeba maana ya ujio unaomwelekea mtu fulani. Kwa hiyo anayefafanua kipindi hicho tayari ana tafakari ndani ya jina lake: nani anajiliwa, na kwa nini.

Kalenda ya kale, kalenda mpya na majira ya ziwa

Kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, masomo ya Dominika yalirudiwa yaleyale kila mwaka. Mfano wa mpanzi, kutoka Injili ya Luka, ulisomwa Dominika ya Seksajesima, kati ya mwisho wa Januari na mwisho wa Februari. Huko Ulaya majira ya kupanda yalikuwa yakikaribia. Kando ya Tanganyika mvua ilikuwa bado ikinyesha na mazao yalikuwa shambani. Dhoruba ya ziwani, kutoka Injili ya Matayo, ilisomwa Dominika ya nne baada ya Epifania, ambayo kwa kawaida ni mwisho wa Januari au mwanzo wa Februari.

Hati ya Mtaguso juu ya liturujia, iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, iliagiza hazina ya Biblia ifunguliwe zaidi kwa waumini. Mpango mpya wa masomo ulitangazwa mwaka 1969. Ulikuwa na mzunguko wa miaka mitatu: Mwaka A wa Matayo, Mwaka B wa Marko, na Mwaka C wa Luka, huku Yohane akisikika hasa katika Kwaresima na Pasaka. Kila Dominika ikapata masomo matatu, na kwa kawaida la kwanza hutoka Agano la Kale.

Mpango huo ulihamisha masomo kutoka msimu mmoja hadi mwingine. Dhoruba ya Marko husomwa Dominika ya 12 ya Mwaka B, kati ya tarehe 19 na 25 Juni, wakati upepo wa kusi umekwisha kushika ziwa na wavuvi wa dagaa, ambao huko huitwa ndagala, wanaingia majini kwa tahadhari. Petro anayezama, katika Matayo, husomwa Dominika ya 19 ya Mwaka A, mwezi Agosti, kusi ikiwa bado inavuma. Hakuna aliyekaa Roma akapanga hivyo kwa ajili ya Tanganyika, ni sadfa. Lakini kwa sadfa hiyo Injili ya ziwani iliwafikia watu wa ziwani katika msimu wao wa hatari, na msikilizaji ambaye ndugu yake yuko majini hahitaji kuelezwa dhoruba ni nini.

Kwa mpanzi mambo yalikwenda kinyume. Katika Mwaka A mfano huo husomwa katikati ya Julai, ardhi ikiwa kavu na hakuna apandaye mahindi. Mfafanuzi hana budi kuanza na mbegu iliyohifadhiwa nyumbani, ambayo mwenye njaa anatamani kuila kabla ya mvua ya Oktoba. Tafakari hiyo si ile ya Ulaya. Shambani hasa hufikiwa Dominika ya tatu ya Majilio ya Mwaka A, kwa somo la Waraka wa Yakobo juu ya mkulima anayengojea mvua kwa uvumilivu. Ni katikati ya Desemba, na mkulima wa Kalemie amekwisha kupanda: anangoja kwelikweli.

Majaribu na kukua kwa shirika

Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo walichagua jumuiya ndogo za Kikristo kuwa njia ya uchungaji. Mashariki mwa nchi jumuiya hizo zilikuja kuitwa shirika. Uamuzi huo ulipata uzito haraka kuliko ilivyotarajiwa. Tarehe 1 Januari 1962 wamisionari 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu waliuawa Kongolo, magharibi mwa Kalemie. Mwezi Juni 1964 Albertville iliangukia mikononi mwa waasi wa Simba, na ikakombolewa mwishoni mwa Agosti. Palipokosekana padri, jumuiya ndiyo iliyobaki.

Jaribu la pili lilitoka kwa dola. Chini ya siasa ya uhalisi ya Mobutu, majina ya Kikristo yalipigwa marufuku mwaka 1972, na mwaka 1974 Noeli ilifutwa katika orodha ya sikukuu za taifa huku shule za Kanisa zikitwaliwa na serikali. Kalenda ya Kanisa ikawa haina ulinzi wowote wa sheria. Injili ya usiku wa Noeli huanza na amri ya Kaisari kuwahusu watu wote wa dola yake, na mwaka ule maneno hayo hayakuwa habari ya kale. Waliotaka kuishika sikukuu iliwabidi waishike wenyewe.

Katika shirika, watu wachache wa mtaa mmoja husoma Injili ya Dominika ijayo, wakanyamaza, kisha kila mmoja akasema neno lililomgusa na kulihusisha na maisha. Mama muuza samaki husema, na mwalimu wa shule husema. Hapo ndipo mkariri wa katekisimu alipogeuka kuwa mfafanuzi.

Neno na amani

Mwaka 1988 Roma iliidhinisha misale kwa majimbo ya Kanisa nchini Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati huo. Katika misale hiyo ibada ya toba na kupeana amani haviji mwanzoni wala karibu na komunyo. Hufuata mahubiri na kanuni ya imani. Mtu husikia Neno kwanza, ndipo anapokiri kosa na kumpa jirani mkono, kabla ya kutoa sadaka.

Mpangilio huo una uzito wa pekee Kalemie. Mji ulipitiwa na vita iliyoanza mwaka 1998. Tangu mwaka 2013 mapigano kati ya Wabatwa na Waluba yaliharibu vijiji vingi vya mkoa, na kufikia mwaka 2017 waliokimbia walikuwa wamejaa katika kambi pembezoni mwa mji. Katika hali hiyo tafakari ya somo haiwezi kuishia katika ufasaha. Anayefafanua hupimwa na tendo linalofuata: kama mkono utanyoshwa au hautanyoshwa.

Hitimisho

Imeonekana kwamba kalenda ileile imebeba maana tofauti kadiri majira, sheria na vita vilivyobadilika, na kwamba lugha ya tafakari imekuwa Kiswahili cha ziwani, chenye lafudhi na msamiati wake. Sehemu kubwa ya tafakari hizo husemwa mara moja na kuishia hewani. Wataalamu wa Kiswahili wamezoea kukusanya ngano, methali na tenzi. Maneno ya watu wa shirika yanastahili bidii hiyohiyo, kwa sababu ndani yake wavuvi na wakulima wa Tanganyika wameeleza kwa zaidi ya nusu karne jinsi wanavyoielewa historia yao wenyewe.