Uchekeshaji wa Kampala na Kiswahili cha Makindye

Makindye ni kilima kilichoko kusini mwa Kampala. Wazee wakilisikia jina hilo hukumbuka kambi ya polisi wa jeshi, ambamo wakati wa Idi Amin watu wengi walifungwa na kuteswa. Mnamo 1972 hata waandishi wa habari wa kigeni walizuiliwa humo, akiwamo Sandy Gall wa Uingereza. Lugha ya jeshi ilikuwa Kiswahili. Twaanza na habari hii kwa kuwa ndiyo inayotueleza kwa nini, katika vichekesho vya Kampala, mhusika asemaye Kiswahili mara nyingi ni askari, tena askari mpumbavu.

Ufundi wenyewe ulikuzwa kwa Kiganda. Mwaka 1954 Wycliffe Kiyingi aliunda chama cha wasanii Waafrika, akatunga michezo ya jukwaani na ya redio. 1959 ukafunguliwa Ukumbi wa Taifa. Kijana aliyetaka kuchekesha hakupanda jukwaani peke yake, bali alijiunga na kikundi, akafunzwa na waliomtangulia.

Kazi hiyo ilikuwa na hatari yake. Byron Kawadwa, mkuu wa Ukumbi huo, aliupeleka Lagos mchezo wake *Oluyimba lwa Wankoko*, yaani Wimbo wa Jogoo, katika tamasha la sanaa la 1977. Aliporejea alikamatwa, akauawa. Mchezo ule uliwadhihaki wenye tamaa ya madaraka, na wenye madaraka walijiona humo. Hata hivyo, mwaka huohuo kikundi cha Ebonies kilianzishwa.

Redio za watu binafsi zilipoanza 1993, mchekeshaji alipata njia ya pili ya riziki: utangazaji, na kutoka hapo usherehe­shaji wa arusi na karamu. Anne Kansiime alianzia katika kikundi cha Theatre Factory. Salvado alijulikana kwa shindano la 2009. Hao huchekesha zaidi kwa Kiingereza. Kiswahili huvaliwa kama kofia ya askari, kisha huvuliwa.

Hatuwalaumu, waliirithi dhihaka hiyo kwa watu walioogopa. Lakini mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, na mwalimu atakayekwenda kufundisha Makindye atawakuta watoto ambao wamekwisha kuicheka lugha hii kabla ya kujifunza salamu zake.